Timu za taifa za vijana za Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wachezaji, wazazi na makocha wa Malindi, Watamu, Mambrui, Mokowe, Lamu na Faza huyarudia kila msimu. Yanaanzia kwenye misingi, yanapita kwenye historia ya mashindano, kisha yanaingia katika mambo yanayowakwamisha vijana wetu. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Misingi

1. Rising Stars ndiyo Harambee Stars?

Hapana. Harambee Stars ni timu ya taifa ya wakubwa. Rising Stars ni wavulana wa chini ya miaka 20, na wenzao wasichana wa umri huo huitwa Rising Starlets. Wasichana wa chini ya miaka 17 ni Junior Starlets, na wavulana wa umri huo ni Junior Stars. Zote ziko chini ya Shirikisho la Soka Kenya, FKF.

Wakati mwingine huundwa timu ya umri mwingine, kama ile ya chini ya miaka 18 iliyocheza mwaka 2023, kwa sababu mashindano ya ukanda yamepangwa kwa umri huo. Kwa hiyo mtu akikwambia kijana wako “ameitwa timu ya taifa”, swali la kwanza ni: ya umri gani, na kwa mashindano gani?

2. “Chini ya miaka 20” huhesabiwa vipi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Haihesabiwi miaka ya kijana siku ya mechi. Hutazamwa mwaka ambao fainali zinachezwa, na mstari hukatwa tarehe 1 Januari. Kwa Kombe la Afrika la chini ya miaka 20 la 2025, mchezaji alitakiwa awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Kwa fainali za 2027, ni tarehe 1 Januari 2007 au baadaye. Ukitaka kukokotoa mwenyewe, chukua mwaka wa fainali utoe 20, au utoe 17 kwa timu ya chini ya miaka 17.

Hesabu hiyo ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, aliyezaliwa Januari 2005 alikuwa ameshatimiza miaka 20 fainali za 2025 zilipochezwa, na bado alikuwa halali. Pili, mechi za kufuzu hutumia mstari wa fainali, hata zikichezwa mwaka mmoja kabla. Kijana aliyezaliwa 31 Desemba 2006 hawezi kuchezea timu ya 2027, na aliyezaliwa kesho yake anaweza.

Kwa chini ya miaka 17 mambo yamebadilika, na kwa faida ya vijana. Kombe la Dunia la umri huo, la wavulana na la wasichana, sasa linachezwa kila mwaka kuanzia 2025: la wavulana Qatar, la wasichana Morocco. Zamani aliyezaliwa mwaka “mbaya” alikuwa na fainali moja tu, tena akiwa mdogo kuliko wenzake wote. Sasa kila kundi la mwaka wa kuzaliwa lina zamu yake.

3. Njia ya kwenda Kombe la Dunia la vijana hupita wapi?

Kwa wavulana hupita kwanza CECAFA, mashindano ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati. Wanaofaulu huko huingia Kombe la Afrika la CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kutoka huko wachache huenda Kombe la Dunia. Kwa fainali za 2025 za chini ya miaka 20, timu mbili za juu za CECAFA zilifuzu, kisha zilizofika nusu fainali ya Afrika ndizo zilizokwenda Chile.

Kwa wasichana wa chini ya miaka 17 njia ni nyingine. Hakuna mashindano ya kukusanyika mahali pamoja. Timu mbili hupangwa, zinacheza nyumbani na ugenini, mabao yanajumlishwa, mmoja anatolewa. Siku moja mbaya inatosha kukutoa.

## Historia ya mashindano

4. Kenya imewahi kucheza Kombe la Afrika la chini ya miaka 20?

Ndiyo, mara moja, mwaka 2025. Mashindano yalikuwa yafanyike Cote d'Ivoire, nchi hiyo ikajiondoa, na CAF ikayahamishia Misri wakati muda umebaki mchache. Timu 13 zilishiriki.

Kenya, chini ya kocha Salim Babu, iliwekwa Kundi B pamoja na Morocco, Nigeria na Tunisia. Ilifungwa na Morocco 3-2, ikafungwa na Tunisia 3-1, kisha ikatoka sare ya 2-2 na Nigeria. Ilimaliza mkiani kwa pointi 1, ikiwa imefunga mabao 5 na kufungwa 8.

Ukisoma msimamo peke yake utadhani timu ilizidiwa kabisa. Haikuwa hivyo. Nigeria ndiyo nchi yenye makombe mengi kuliko zote katika mashindano haya (tazama swali la 8). Morocco ilifika fainali, ikafungwa 1-0 na Afrika Kusini, kisha Oktoba mwaka huohuo ikaifunga Argentina 2-0 mjini Santiago na kuwa bingwa wa dunia wa umri huo. Vijana wetu waliwafunga mabao mawili mabingwa wa dunia wa baadaye. Kilichowaangusha ni ulinzi: kufungwa mabao matatu katika kila moja ya mechi mbili za kwanza. Timu inayofunga karibu mabao mawili kwa mechi na bado inashindwa haina haja ya kutafuta mshambuliaji, inahitaji mabeki wanaojua kumaliza mechi.

5. Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo?

Mashindano haya yalianza 1979 kwa mtindo wa nyumbani na ugenini, na tangu 1991 timu zimekuwa zikikusanyika katika nchi mwenyeji. Kenya ilisubiri miaka yote hiyo hadi 2025. Si kwamba vipaji vilikosekana. Tazama miaka ya karibuni peke yake.

Mwaka 2019 Kenya ilifika fainali ya CECAFA ya chini ya miaka 20 huko Gulu, Uganda. Mwaka uliofuata, mashindano ya kufuzu yalipofanyika Arusha, nafasi zilikwenda kwa Uganda na Tanzania, na Uganda ikafika hadi fainali ya Afrika ya 2021. Kisha likaja jambo ambalo mchezaji hana namna ya kulizuia. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa kuingiliwa. Adhabu iliondolewa tarehe 28 Novemba 2022. Katikati ya kifungo hicho, CECAFA ilichezwa Khartoum na ndiyo iliyotoa tiketi za Afrika za 2023. Uganda na Sudan Kusini zilifuzu. Kenya haikuwepo hata kwenye droo.

Kwa kijana aliyezaliwa 2003, huo ndio uliokuwa mzunguko wake wa mwisho. Aliuzeekea akiwa nyumbani, bila kugusa mpira. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa halikuwa lake wala la kocha wake.

Baada ya hapo kazi ilianza upya. Mwishoni mwa 2023 Kenya iliandaa CECAFA ya chini ya miaka 18 Kisumu na Kakamega, ikafika fainali na kushindwa na Uganda. Oktoba 2024, Dar es Salaam, Kenya iliifunga Burundi 4-0 katika nusu fainali ya CECAFA ya chini ya miaka 20, na ushindi huo ndio uliokata tiketi ya kwanza ya Afrika.

6. Ni kweli Tanzania wametushinda fainali mbili?

Kweli. Gulu 2019 kwa 1-0, na Dar es Salaam 2024 kwa 2-1. Zote mbili ni za CECAFA ya chini ya miaka 20.

7. Na wasichana? Kuna timu yoyote ya Kenya iliyowahi kucheza Kombe la Dunia?

Ipo, na ndiyo ya kwanza katika historia ya soka ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, ya wakubwa au ya wadogo: Junior Starlets ya 2024, chini ya kocha Mildred Cheche.

Katika raundi mbili za mwisho za kufuzu, walitoka sare ya 0-0 na Ethiopia ugenini, wakawafunga 3-0 Nairobi katika uwanja wa Ulinzi. Burundi wakapigwa 3-0 na 2-0. Mabao 8 katika mechi 4, bila kufungwa hata moja. Linganisha na tulichosema kuhusu ulinzi katika swali la 4.

Fainali zilichezwa Jamhuri ya Dominika. Walifungwa na Uingereza 2-0, wakafungwa na Korea Kaskazini 3-0, kisha wakaifunga Mexico 2-1, ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia la soka. Hawakuvuka kundi. Korea Kaskazini ndiyo iliyotwaa kombe, kwa penalti dhidi ya Uhispania.

Tunawaomba wazazi wa Pwani walitazame jibu hili mara mbili. Binti anayecheza na kaka zake ufukweni Shela au Mayungu ana njia fupi zaidi ya kufika Kombe la Dunia kuliko kaka zake hao, kwa kuwa washindani wake bado ni wachache.

8. Ni nchi gani imetwaa Kombe la Afrika la chini ya miaka 20 mara nyingi zaidi?

Nigeria, mara 7. Ghana na Misri wana 4 kila mmoja. Washindi wa karibuni ni Zambia 2017, Mali 2019, Ghana 2021, Senegal 2023 na Afrika Kusini 2025. Yaani mashindano matano mfululizo, mabingwa watano tofauti. Mlango si wa nchi moja.

## Kuchaguliwa

9. Makocha wa taifa huwaona wachezaji wapi?

Hasa katika ligi kuu na ligi ya daraja linalofuata, michezo ya shule za sekondari, akademia, na mashindano ya vijana yanayofika hatua ya kitaifa. Mara nyingine hufanyika mchujo wa wazi.

Kwa mchezaji wa Malindi au Lamu, michezo ya shule ndiyo ngazi iliyo karibu zaidi, kwa sababu inampandisha hatua kwa hatua: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani, taifa, kisha Afrika Mashariki. Huhitaji kumjua mtu. Unahitaji timu ya shule inayoshinda. Kipa bora wa kaunti ambaye shule yake hutolewa raundi ya kwanza haonwi na yeyote.

10. Ninaishi kisiwani. Ni lazima nihame?

Hatutakudanganya. Wasaka vipaji hawavuki maji mara kwa mara. Mchezaji wa Kizingitini au Pate mwenye kiwango cha juu kwa kawaida hulazimika kucheza angalau msimu mmoja mahali ambapo mechi hutazamwa, iwe Malindi, Kilifi au Mombasa, kupitia shule ya bweni au klabu.

Lakini usihame kabla ya mambo mawili: karatasi zako ziwe kamili (swali la 13), na usajili wako wa klabu ya nyumbani uwe umeingizwa kwenye mfumo (swali la 17). Ukiondoka bila hivyo, klabu iliyokulea haitakuwa na ushahidi kwamba ilikulea.

Umri mzuri wa kuhama ni mwanzo wa kidato cha kwanza au wa pili. Anayehamishwa katikati ya mwaka wa mtihani hupoteza vyote viwili.

11. Nimeitwa mchujo Nairobi. Nijiandaeje?

Jambo kubwa ni pumzi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunaishi usawa wa bahari wenyewe. Huko juu hewa ni nyepesi na kila pumzi huleta oksijeni kidogo, hivyo mchezaji wa Pwani huishiwa dakika ya 20 ilhali nyumbani hucheza 90 bila tabu. Kocha asiyemjua atamwandika mvivu. Fika siku mbili au tatu kabla. Siku ya kwanza tembea na ukimbie kidogo tu, kunywa maji kuliko ulivyozoea, na siku ya mchujo usimalize nguvu zako zote robo saa ya kwanza ili uonekane.

Mpira nao huruka mbali zaidi katika hewa hiyo. Pasi ndefu unayoipima vizuri katika uwanja wa Alaskan hapa Malindi itampita winga wako Nairobi. Punguza nguvu kidogo, na fanya majaribio wakati wa kupasha mwili joto.

Safari huwaharibia wengi. Kutoka Malindi hadi Nairobi kupitia Mombasa ni kama kilomita 600. Kijana anayelala kwenye basi na kushuka alfajiri moja kwa moja uwanjani ameshapunguza nusu ya nafasi yake. Anayetoka Lamu ana boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Hindi, Witu na Garsen hadi Malindi, kabla hata ya kuanza safari hiyo nyingine. Gawanya safari: lala Malindi au Mombasa usiku mmoja.

Viatu: viwanja vyetu ni vya mchanga na udongo mgumu, na daluga za meno mafupi ya plastiki zinatosha. Kwenye nyasi zilizolowa utateleza nazo. Ukiweza, chukua jozi mbili, hata moja iwe ya kuazima. Usivae daluga mpya siku ya mchujo. Zivae mazoezini kwa wiki mbili kwanza, la sivyo malengelenge yatakutoa kabla ya kocha. Beba kinga za ugoko, maana bila hizo baadhi ya michujo haikuruhusu kuingia. Beba na sweta zito: kati ya Juni na Agosti usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 hivi.

12. Kuna mtu anadai pesa ili mwanangu aitwe kambini. Nilipe?

Usilipe. Kuitwa timu ya taifa hakuuzwi. Mchezaji aliyeitwa rasmi hupata barua ya shirikisho kupitia klabu au shule yake, na akiwa kambini malazi na chakula si juu ya mzazi. Mchujo wa wazi ndio ambao nauli ni yako mwenyewe. Ukipokea ujumbe wa simu unaodai “ada ya jezi” au “ada ya faili”, piga simu kwa tawi la FKF la kaunti yako kabla ya kutuma hata shilingi moja.

## Karatasi

13. Ni nyaraka zipi hasa zinazohitajika?

Cheti cha kuzaliwa halisi, pasipoti, kitambulisho cha mzazi na idhini yake ya maandishi kama mchezaji hajafika miaka 18, na kitambulisho cha taifa kama amefika. Kwa mwanafunzi, barua ya mwalimu mkuu.

Pasipoti ndiyo hukwamisha. Timu ikishafuzu, muda wa kuwasilisha orodha ya wachezaji ni mfupi, na kocha hawezi kumsubiri mmoja. Kati ya wachezaji wawili wanaolingana, mwenye pasipoti huenda. Iombe kupitia eCitizen mapema, hata kabla ya kuitwa popote, kisha mpeleke mtoto pamoja na mzazi katika ofisi ya uhamiaji, Mombasa kwa mfano, na nyaraka halisi, si nakala.

14. Jina langu limeandikwa tofauti kwenye cheti na shuleni. Ni tatizo?

Ndiyo, na kwetu Pwani ni tatizo la kila siku. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja nyumbani, lakini ni watu watatu kwenye mfumo. Vivyo hivyo Fatma na Fatuma, Said na Saidi. Lamu wengi wana “bin” kwenye cheti na hawanayo shuleni. Kwa Wagiriama, mtoto huitwa Karisa Charo shuleni, na cheti kikawa na jina la tatu la babu ambalo mwalimu hakuliandika kamwe.

Chagua cheti cha kuzaliwa kiwe msingi, na kila kitu kingine kifuate herufi zake, nafasi kwa nafasi: rejista ya shule, usajili wa mtihani wa taifa, kadi ya klabu, pasipoti. Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, lirekebishwe katika ofisi ya usajili wa vizazi kabla ya kuomba pasipoti. Hati ya kiapo ya wakili hueleza tofauti, haiiondoi. Itakusaidia shuleni, lakini afisa wa mashindano anatazama pasipoti.

15. Mtoto alizaliwa nyumbani na hana cheti. Tufanyeje?

Kuna usajili wa kuchelewa, kwa kizazi ambacho hakikuandikishwa ndani ya miezi sita. Kusanya vitambulisho vya wazazi, kadi ya kliniki ya chanjo ikiwepo, barua ya shule, na barua ya chifu. Kadi ya kliniki ina nguvu kuliko zote, kwa sababu iliandikwa wakati mtoto akiwa mchanga, kabla mtu yeyote hajafikiria mpira. Itunzeni.

Cheti kilichotolewa mtoto akiwa na miaka 15, wiki mbili kabla ya mchujo, huzua maswali hata kikiwa cha kweli. Kitoeni akiwa darasa la tatu.

16. Kocha anasema tupunguze umri miaka miwili “kama wanavyofanya wote”. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba hushikwa, na anayeumia ni mtoto. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwa wavulana wa chini ya miaka 17. Mfupa wa mkono kwa kijana anayekua una ufa wa gegedu karibu na kiganja. Ufa huo hujiziba ukuaji unapokamilika. Picha hupewa daraja la 1 hadi 6, na la 6 maana yake umeziba kabisa, jambo ambalo ni nadra mno kwa mvulana ambaye hajafika miaka 17. Hakuna dawa wala lishe inayoufungua tena. Kwa wasichana kipimo hiki hakitumiki, kwa kuwa mifupa yao huziba mapema.

Na hata bila MRI, karatasi husema. Mwaka 2018 Zanzibar iliondolewa kwenye CECAFA ya chini ya miaka 17 Burundi kwa kuleta waliozidi umri. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali ya Afrika nchini Tanzania, kisha ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wawili walikuwa wameshaandikishwa na tarehe nyingine za kuzaliwa katika mashindano ya nyuma. Nafasi ikaenda Senegal. Timu nzima ililipa kwa ajili ya wawili.

## Klabu na usajili

17. Sisi ni klabu ndogo ya mtaani. Tunapata nini tukisajili watoto?

Mnapata haki ya pesa, mkiwasajili mapema. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5.

Chukua mfano wa bei ya shilingi milioni 10. Klabu ya Malindi iliyokuwa naye misimu minne, tangu 12 hadi 15, hupata 100,000. Ikikaa naye misimu miwili zaidi, hupata 100,000 nyingine. Pesa hizo hununua mipira na nyavu za miaka kadhaa. Kuna pia fidia ya malezi, ya umri wa miaka 12 hadi 21, anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Tangu Novemba 2022 hesabu hii hupitia ofisi ya malipo ya FIFA, ambayo hutazama historia ya usajili wa mchezaji kwenye mfumo. Isipokuwepo kwenye mfumo, picha za timu na ushuhuda wa wazee wa mtaa havitoshi. Basi kila mchezaji apate namba yake ya FIFA Connect, yaani mfumo huo wa usajili, kupitia tawi la shirikisho, msimu kwa msimu, kwa jina lile la cheti (swali la 14).

18. Klabu inaweza kumkatalia mchezaji kwenda timu ya vijana?

Inaweza. Kanuni za FIFA zinazoilazimisha klabu kumwachia mchezaji zinahusu timu ya wakubwa katika tarehe zilizopangwa. Mashindano mengi ya vijana yako nje ya tarehe hizo, na ndiyo maana wachezaji walioko Ulaya mara nyingine hukosekana. Kwa klabu za hapa nyumbani, kuzungumza mapema hutosha.

## Hali za pekee

19. Mwanangu ana baba Mwitaliano na mama wa hapa Malindi. Anaweza kuchezea Kenya?

Anaweza. Kwa Katiba ya 2010, aliye na mzazi mmoja Mkenya ni raia kwa kuzaliwa popote alipozaliwa, na uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Atahitaji pasipoti ya Kenya mkononi, maana afisa wa mechi hasomi katiba.

Akichezea timu ya vijana ya Kenya hajajifunga maisha. Anaweza kuomba kubadilisha nchi mara moja baadaye, mradi alikuwa tayari na uraia wa nchi ile ya pili siku alipocheza mechi yake rasmi ya kwanza. Akifika timu ya wakubwa masharti hukaza sana, hasa akicheza fainali za Afrika au za Dunia.

20. Wakala anataka kumpeleka Ulaya, naye ana miaka 16.

Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa sababu isiyohusiana na soka. Ruhusa ya miaka 16 iliyopo ni ya wanaohama ndani ya Ulaya yenyewe. Wakala anayesema kuna njia ya mkato anamaanisha viza ya utalii, na mtoto atabaki huko bila usajili, hawezi kucheza mechi rasmi.

21. Mashindano yakigongana na KCSE?

Hutokea. CECAFA ya 2024 na Kombe la Dunia la Junior Starlets zote zilianza Oktoba, wakati mitihani ya vitendo huanza. Ratiba ya mtihani haisogezwi kwa ajili ya mchezaji mmoja. Mwalimu mkuu na kocha wa timu wazungumze mara tu orodha inapotoka, na familia iamue mapema, si siku ya ndege.

22. Mchujo au kambi ikiangukia Ramadhani?

Mwambie daktari wa timu siku unayoripoti kwamba umefunga, usingoje hadi uanguke mazoezini. Hapo mazoezi magumu yanaweza kusogezwa karibu na magharibi, na daku ikawekwa tayari. Ruhusa ya msafiri kufungua na kulipa baadaye ni jambo la mchezaji na shekhe wake.

23. Mechi za vijana tunazitazama wapi, na saa ngapi?

Nyingi za Afrika huonyeshwa kwenye chaneli ya YouTube ya CAF. Misri katika mwezi wa Mei huwa na saa sawasawa na zetu. Jamhuri ya Dominika iko nyuma kwa saa saba: mechi ya saa kumi jioni kwao ni saa tano ya usiku kwetu. Mwenye kibanda cha mpira aambiwe mapema, asije akafunga.

24. Nilikatwa timu ya chini ya miaka 17. Nimekwisha?

Hapana. Wanaokomaa mapema hutawala umri huo kwa nguvu na urefu, na wengi hupitwa wafikapo 19. Kama ulizaliwa 2009, mstari wa timu ya chini ya miaka 20 utakufaa hata kwa fainali za 2029. Endelea kusajiliwa kila msimu, na hakikisha pasipoti yako haijaisha muda.